Friji ya gesi ya karavani inawaka kisha inazimika: namna ya kutafuta kosa

Swali hili halikauki: friji inawaka, moto unaonekana kabisa, lakini ukiachia kitufe tu unazimika. Au inakaa saa nzima, halafu asubuhi unakuta maziwa yamechacha. Jibu la haraka ambalo kila mtu analo ni "badilisha themokapo", yaani kile kihisi joto kinachokaa kwenye moto. Kuna siku jibu hilo ni sahihi. Siku nyingine unatoa hela kwa kipuri ambacho hakikuwa na ubaya wowote, na kosa linabaki palepale kwenye jeti iliyoziba (kipande chenye kitundu chembamba cha kupitishia gesi), regulata isiyo ya kipimo chake (kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi ya mtungi), au mtandao wa buibui ndani ya kichomeo.

Mwongozo huu ni wa friji za gesi za kwenye karavani, magari ya kulala safarini na mahema ya kambi, zile zinazotumia gesi, betri ya voti 12 na umeme wa nyumbani. Umelenga zaidi zile za kuwasha kwa mkono, zenye kitufe cha kubonyeza na kushikilia. Zinazojiwasha zenyewe zina sehemu yake karibu na mwisho.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kushika spana

Friji hii haina mota. Moto mdogo ulioko nyuma yake unachemsha mchanganyiko wa amonia na maji, na mzunguko huo ndio unaoleta baridi. Ndani ya moto huo kuna ncha ya themokapo. Ikipata joto inazalisha umeme mdogo sana, kiasi cha milivoti 20 hadi 30, na umeme huo unaishika sumaku inayoacha valvu ya gesi wazi. Moto ukizimika ncha inapoa, sumaku inaachia, gesi inafungwa. Kwa hiyo friji inayojifunga gesi inafanya kazi yake ya kukulinda. Usifunge kitufe kwa waya au kukikandamiza kwa kijiti ili gesi iendelee kupita. Kuna watu wanafanya hivyo, na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: inatambaa sakafuni ikisubiri cheche.

Kama friji inaganda vizuri kwenye umeme wa nyumbani lakini kwenye gesi inasumbua, mfumo wa baridi ni mzima na unatafuta kosa upande wa gesi tu. Kama haigandi hata kwa umeme baada ya muda wa saa 12, tatizo ni jingine na hatua za hapa hazitakusaidia.

Usalama, kwa ufupi

Fanya kazi nje au milango na madirisha yakiwa wazi. Funga mtungi kabla ya kulegeza nati yoyote. Zima jiko, sigara na swichi ya voti 12 ya friji. Ukisikia harufu kali ya amonia, ile inayochoma pua na macho, au ukiona unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma, acha kila kitu, toka nje, usiguse unga huo. Hapo mfumo wa baridi umetoboka na hauzibwi kwa kulehemu. Na usilale ndani ya karavani yenye friji inayotoa moto wa njano bila kujua moshi wake unatokea wapi.

Utakavyohitaji

- Spana za namba 7 hadi 17. Ziwe mbili mbili kwa saizi za viungo vya gesi, moja ya kushika na nyingine ya kugeuza.
- Bisibisi bapa, ya nyota, na ya toksi. Vifuniko vingi vya kichomeo vina skrubu za T20.
- Multimita inayosoma milivoti (skeli ya 200 mV upande wa DC).
- Spiriti ya kusafishia na kichupa kidogo chenye kifuniko.
- Mswaki mkuukuu, na brashi ndefu ya mviringo ya kupita kwenye bomba la moshi.
- Msasa laini, namba 400 au 600.
- Pampu ya baiskeli au upepo wa kompresa uliopunguzwa nguvu.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kikombe na brashi ndogo.
- Tochi, pamoja na simu ya kupigia picha kila hatua kabla hujafungua kitu.
- Mpira mwangavu wa mita moja na nusu. Matumizi yake yako Hatua ya 3.

Hatua ya 1: Moto unazimika wakati gani?

Hii ndiyo hatua inayookoa hela. Kila sehemu ikiharibika ina saa yake ya kuzimisha moto, na ukiijua saa hiyo umeshapunguza kazi nusu.

- *Hauwaki kabisa, cheche zinaonekana:* gesi haifiki. Mtungi, regulata, hewa ndani ya bomba, au jeti imeziba.
- *Unawaka, ukiachia kitufe unazimika papo hapo:* themokapo, kiungo chake, au sumaku ya valvu. Pia moto mdogo mno usioifikia ncha ya themokapo.
- *Unakaa dakika chache kisha unazimika:* moto dhaifu, masizi kwenye bomba la moshi, au gesi inayopungua msukumo kadiri inavyotumika.
- *Unakaa saa kadhaa, unazimika friji ikishakuwa baridi, mara nyingi usiku:* njia ya moto mdogo ndani ya themostati (kidhibiti cha baridi) imeziba. Watu wengi hawaijui hii na wanaishia kubadilisha themokapo tatu. Iko Hatua ya 8.
- *Unazimika ukiwasha jiko:* regulata au mpira.
- *Unazimika upepo ukivuma:* matundu ya hewa na kofia ya bomba la moshi.

Kaa na friji, angalia saa, andika. Usiseme "inazimika tu".

Hatua ya 2: Washa tena kwa utaratibu unaotakiwa

1. Zima upande wa voti 12 na umeme wa nyumbani. Friji iwe kwenye gesi peke yake.
2. Fungua mtungi taratibu. Weka themostati kwenye namba ya juu kabisa.
3. Bonyeza kitufe cha gesi mpaka mwisho. Kukibonyeza nusu kunafungua gesi kidogo na kunaacha sumaku bila kugusana na kibati inachotakiwa kukishika, kwa hiyo haitashika hata kama themokapo ni mpya.
4. Piga cheche huku ukiangalia kwenye kijidirisha kilicho chini ndani ya friji. Kikiwa na vumbi, kifute. Kama friji yako ina mshale badala ya kijidirisha, subiri mshale upande.
5. Ukishauona moto, ndipo uanze kuhesabu: sekunde 20 hadi 30 huku umeshikilia. Wengi wanahesabu tangu walipobonyeza, kumbe moto umewaka sekunde ya kumi na tano.
6. Achia polepole, usikifyatue.

Baada ya kubadilisha mtungi, au karavani ikikaa miezi bila kutumika, bomba linajaa hewa. Friji inavuta gesi kidogo sana, hivyo kuisukuma hewa yote kupitia jeti yake kunachukua muda. Njia rahisi: washa jiko kwanza mpaka liwake bila kukatika, hapo bomba kubwa limeshajaa gesi, kisha rudi kwenye friji. Kama haijawaka ndani ya nusu dakika, achia, subiri dakika tano gesi itawanyike, jaribu tena. Ukiendelea kubonyeza mfululizo, moto utakaowaka mwishoni utakuja na mlipuko.

Hatua ya 3: Mtungi, regulata na mpira

Anza na mtungi wenyewe. Uzito wake mtupu umeandikwa au kupigwa mhuri juu yake. Upime kwenye mzani, toa uzito huo, kinachobaki ni gesi. Friji ndogo ya karavani hula takriban gramu 250 hadi 400 kwa saa 24, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 uliojaa unafika wiki mbili na zaidi kidogo kama hakuna jiko linalochangia. Mtungi usimame wima. Ukiulaza, gesi ya maji inaingia kwenye regulata na moto unarukaruka kabla ya kuzimika.

Halafu regulata, na hapa ndipo makosa ya kwetu yalipo mengi. Friji ya karavani imetengenezwa kwa gesi ya msukumo mdogo uliopimwa. Angalia kibati kilichobandikwa ndani ya friji, kwa kawaida pembeni karibu na mlango: utaona 28, 30, 37 au 50 mbar (milibari, kipimo cha msukumo wa gesi). Kisha soma maandishi kwenye regulata. Viende pamoja. Karavani za Ulaya za miaka ya karibuni ni mbar 30. Za Uingereza za zamani, kabla ya 2003 hivi, zilitumia 28 kwa butani na 37 kwa propani, na friji zake huvumilia 30 bila shida. Za Kijerumani za zamani nyingi ni za mbar 50. Ukiifunga friji ya 50 kwenye regulata ya 30, moto unakuwa kitone cha buluu kisichofika kwenye themokapo, na utalaumu kila kitu isipokuwa regulata.

Usitumie kabisa regulata ya kuongeza na kupunguza, ile ya majiko makubwa ya mama lishe. Wala usiunge mpira kwenye kichwa cha meko kinachokaa moja kwa moja juu ya mtungi mdogo. Kile hakina regulata, kinatoa msukumo wote wa mtungi.

Jaribio la haraka: friji ikiwa imewaka, washa jiko plate moja, kisha ya pili. Kama moto wa jiko unashuka, unageuka njano, au friji inazimika, kosa liko kabla ya friji. Regulata iliyozidi miaka kumi iondoe bila mjadala. Fungua mpira upande wa regulata uangalie ndani: kukiwa na mafuta mazito ya kahawia, futa, badilisha mpira, na kama regulata nayo imelowa usiioshe, nunua nyingine.

Ukitaka kipimo cha kweli na huna geji, tumia ule mpira mwangavu. Ukunje mfano wa herufi U, ufunge kwenye ubao, tia maji mpaka nusu. Chomeka mwisho mmoja kwenye sehemu ya kupimia au kwenye tawi la bomba la jiko, mwisho mwingine uache wazi. Fanya hivi nje, mbali na moto wowote, na ufungue mtungi kidogo kidogo, maana regulata mbovu itayarusha maji yote. Pima tofauti ya urefu wa maji kati ya mikono miwili: mbar 30 ni sawa na sentimita 30.6. Friji ya mbar 30 inafanya kazi kati ya 25 na 35. Pima gesi ikiwa inatumika, jiko limewaka. Kipimo cha gesi iliyosimama hakikwambii kama regulata inazidiwa.

Hatua ya 4: Utazame moto

Nje ya karavani ondoa kifuniko cha tundu la chini la hewa. Ndani utaona kiboksi cha bati kilichofunika kichomeo. Kifungue, washa friji, chungulia kukiwa na kivuli.

Moto mzuri ni wa buluu, umetulia, umekaa juu ya kichomeo na kuizunguka ncha ya themokapo. Moto wa njano unaoyumba umekosa hewa: kichomeo kichafu au bomba la moshi limejaa masizi. Moto unaoruka na kutoa mlio wa "shhh" una gesi nyingi kupita kiasi. Moto mdogo unaojificha ndani ya kichomeo unamaanisha jeti imeziba au msukumo ni hafifu. Kama ni wa buluu na umekaa sawa, ruka Hatua ya 5 uende moja kwa moja kwenye themokapo.

Hatua ya 5: Safisha bomba la moshi, kichomeo na jeti

Hii inatakiwa kila mwaka hata kama friji haisumbui, na kwa anayepita barabara za vumbi ni mara mbili. Pwani ongeza kutu ya chumvi.

1. Funga mtungi. Piga picha jinsi waya wa cheche na themokapo vilivyokaa.
2. Anza juu. Ndani ya bomba la moshi kuna kibati kilichosokotwa kinachoning'inia kwa waya. Weka alama kwenye waya pale unapotokea ili ukirudishe urefu uleule. Kikishuka sana kinagusa moto na kuukaba, kikipanda sana friji haigandi. Kivute nje.
3. Funika kichomeo kwa kitambaa, kisha pitisha brashi ndefu kutoka juu mpaka chini. Masizi na magamba ya kutu yatadondoka kwenye kitambaa. Ni magamba hayohayo ambayo, karavani ikipita makorongo, yanaanguka juu ya kichomeo na kuuzima moto. Watu husema "ilikuwa nzima mpaka tulipopita ile barabara", nao wanasema kweli.
4. Sasa toa kichomeo. Mara nyingi ni skrubu moja au mbili. Chomoa waya wa cheche kwa kushika plagi yake, usivute waya.
5. Legeza bomba la gesi kwa spana mbili: moja inashika, nyingine inageuza. Ukitumia moja bomba jembamba linajisokota na kupasuka, na hilo ni bomba jipya.
6. Jeti ni kipande kidogo cha shaba nyeupe au njano chenye tundu jembamba kuliko sindano. Usikitie waya, wala pini, wala unywele wa brashi ya chuma. Ukilipanua tundu hilo kidogo tu, moto unakuwa mkubwa, wa njano, unatoa masizi, na hakuna namna ya kulirudisha. Weka jeti kwenye spiriti, funika, iache usiku kucha. Kesho yake ipulize kwa pampu kutoka upande wa mbele kwenda nyuma, kinyume na njia ya gesi. Ielekeze kwenye mwanga: unatakiwa kuona kiduara safi. Kama hakijawa duara, nunua jeti yenye namba ileile iliyochongwa ubavuni.
7. Kichomeo kisugue kwa mswaki kwenye nafasi zake zote, na upulize matundu yake ya hewa. Buibui wanapenda sana kujenga humo, nyigu pia. Utando mmoja mwembamba usioonekana bila tochi unatosha kuugeuza moto wa buluu kuwa njano.
8. Rudisha kila kitu kama picha. Kati ya ncha ya cheche na kichomeo acha milimita 3 hadi 5.
9. Fungua mtungi, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo ulichokigusa. Mapovu yakikua, kaza na upake tena. Usijaribu kwa kiberiti, hata kama fundi wa mtaani amekuonyesha hivyo.

Hatua ya 6: Ipime themokapo, usiikisie

Kwanza mahali ilipo. Ncha yake, kiasi cha sentimita moja ya juu, iwe ndani ya moto wenyewe. Klipu ikilegea inashuka milimita chache, na hizo zinatosha. Isugue polepole kwa msasa laini mpaka weusi utoke.

Kisha mwisho wa pili, ule unaoingia kwenye valvu. Fungua nati yake. Utaona kitone cha risasi katikati. Kikiwa na mafuta au kutu, kifute kwa kitambaa chenye spiriti, na ufute pia ndani ya tundu la valvu. Kurudisha, kaza kwa vidole mpaka ishike, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Ukikaza kwa nguvu unaliponda vazi la ndani linalotenganisha waya na bomba lake, na themokapo nzima inakufa hapo hapo.

Sasa kipimo. Iache nati ikiwa nje ya valvu. Waya mwekundu wa multimita uguse kitone cha katikati, mweusi uguse bomba la shaba la themokapo. Mwenzako abonyeze kitufe na kuwasha. Maadamu amekishikilia, gesi itapita bila themokapo. Subiri dakika moja.

- Milivoti 20 na kuendelea: themokapo ni nzima. Usiinunue.
- 15 hadi 20: safisha, rekebisha mkao kwenye moto, pima tena.
- Chini ya 15 huku moto ni mzuri na ncha iko ndani yake: badilisha. Chukua iliyokuwa mbovu dukani ulinganishe urefu na meno ya nati. Saizi za meno za M8 na M9 hufanana kwa macho.

Ukisoma namba hasi, umegeuza waya za mita tu.

Friji nyingine zina kiungo cha ziada njiani, vijiwaya viwili vinavyokwenda kwenye ule mshale wa kuonyesha moto. Plagi zake zikipata kutu, umeme huo mdogo unaishia njiani. Zichomoe, zisafishe, zibane kidogo, zirudishe.

Hatua ya 7: Sumaku ya valvu

Unafika hapa kama themokapo imetoa milivoti za kutosha na bado moto haukai.

Jaribio lake ni la sikio. Washa, shikilia sekunde 30, halafu ukiwa bado umebonyeza, mwenzako afunge gesi kwenye mtungi. Moto utafifia na kufa. Sasa achia kitufe na usikilize valvu. Sumaku nzima itaendelea kushika mpaka ncha ipoe, kisha utasikia "tak" ndani ya nusu dakika au dakika moja. Kama kitufe kilirudi na kukawa na "tak" palepale, au kukawa kimya kabisa baadaye, sumaku haishiki.

Kabla ya kuihukumu, bonyeza kitufe mara kumi, kumi na tano, mtungi ukiwa umefungwa. Vumbi kati ya sumaku na kibati chake hutoka kwa njia hiyo. Ikishindikana, inabadilishwa sumaku au valvu nzima, na kazi hiyo mpe fundi wa gesi. Valvu iliyofunguliwa na kufungwa vibaya haitavuja leo. Itavuja mkiwa mmelala.

Hatua ya 8: Inazimika ikishapoa

Themostati ya gesi haizimi moto friji ikifika baridi. Inaupunguza. Gesi kubwa inafungwa na moto unabaki mdogo, ukilishwa kupitia kitundu chembamba cha pembeni. Kitundu hicho kikiziba, themostati inapofunga gesi kubwa hakuna kinachobaki, moto unakufa. Ndiyo maana inatokea usiku: hewa imepoa, mlango haufunguliwi, friji inafikia kiwango chake.

Kuthibitisha, washa friji, iache ikae kwa moto mkubwa dakika kumi, kisha geuza themostati mpaka namba ya chini kabisa bila kuzima. Kama ndani ya friji tayari ni baridi, moto utapungua. Ukipungua na kubaki, kitundu ni safi. Ukizimika, umelipata kosa. Friji ikiwa bado ya moto jaribio hili halifanyi kazi, kwa hiyo ipoze kwanza kwa umeme.

Dawa ya leo: acha themostati kwenye namba ya juu. Utagandisha mboga, lakini moto utakaa. Dawa ya kudumu: kwenye mwili wa themostati kuna skrubu ndogo yenye tundu, ndiyo jeti ya moto mdogo. Inatolewa na kuloweshwa kwenye spiriti kama ile kubwa, bila sindano, kisha viungo vyote vinapimwa kwa povu.

Hatua ya 9: Upepo, matundu na mwinuko

Kagua kofia ya bomba la moshi nje. Ikiwa imevunjika, upepo unaingia juu na kuusukuma moto chini. Egesha karavani ili upande wa friji usielekee upepo. Usizibe matundu ya hewa kwa kitambaa wala wavu wa mbu. Wavu unazuia mbu, kweli, lakini ndani ya wiki mbili umejaa vumbi na friji inavuta moshi wake yenyewe. Vifuniko vya baridi kali vya Ulaya vilivyokuja na karavani vitoe. Hapa havina kazi.

Mwinuko ni suala linalosahaulika. Vijitabu vya Dometic, kampuni inayotengeneza friji hizi, vinaonya kwamba juu ya mita 1,000 hivi kuwasha kwa gesi kunaweza kusumbua bila friji kuwa mbovu, kwa sababu hewa ni nyepesi. Arusha iko karibu mita 1,400, Nairobi karibu 1,800, na ukingo wa Ngorongoro unapita 2,200. Friji iliyowaka vizuri Bagamoyo inaweza kugoma huko juu. Kichomeo kisafi na bomba la moshi safi ndiyo tofauti kati ya kuwaka na kutowaka. Usichezee jeti kwa ajili ya safari ya siku tatu. Tumia umeme wa kambi mpaka mteremke.

Friji zinazojiwasha zenyewe

Hizi zina bodi ya umeme inayohitaji voti 12 hata zikiwa kwenye gesi. Anza na betri: pima kwenye nyaya za friji yenyewe wakati inajaribu kuwaka, siyo kwenye betri. Ukiona chini ya voti 11, tafuta waya mwembamba, fyuzi yenye kutu au kiungo cha nati kilicholegea. Bodi hujaribu mara chache, ikishindwa inajifunga na kuwasha taa nyekundu. Hapo lazima uzime kabisa, usubiri dakika kadhaa, uwashe upya. Ukiendelea kubonyeza wakati imejifunga hakuna kinachotokea. Kwenye aina nyingine ncha ya cheche ndiyo inayohisi moto, kwa hiyo kauri yake ikipasuka friji inawaka, inahesabu sekunde, inajizima. Nyaya za ardhi za kichomeo zisafishe. Yaliyobaki, yaani jeti, kichomeo na bomba la moshi, ni yaleyale.

Bado inasumbua?

*Moto ni mzuri, haizimiki, lakini haigandi.* Weka pima maji juu ya sakafu ya friji. Friji hizi hazipendi kuegemea. Zaidi ya digrii tatu mzunguko wa ndani unakwama. Sawazisha, subiri kwa muda wa saa nane.

*Inaganda mchana, usiku inazimika, na Hatua ya 8 imepita salama.* Pima mtungi asubuhi, kabla jua halijaupasha. Gesi yenye butani nyingi hupoteza msukumo kwenye baridi, hasa mtungi ukikaribia kuisha.

*Themokapo mpya imekufa ndani ya mwezi.* Moto ni mkubwa mno na unaiunguza. Rudi kwenye regulata, kisha jeti: huenda mtu alishaitia sindano kabla yako.

*Inazimika gari likitembea.* Usiendeshe ikiwa kwenye gesi. Weka kwenye voti 12 wakati wa safari, na kabla ya kuingia kituo cha mafuta hakikisha moto umezimwa.

*Kila kitu kimepimwa na bado haieleweki.* Unganisha friji kwenye mtungi mwingine wenye regulata mpya ya kipimo sahihi na mpira mpya mfupi. Ikikaa, kosa liko kwenye mabomba ya karavani, na kiungo cha kwanza cha kufungua ni kile kilicho chini ya sakafu, karibu na tairi, kinachopigwa na mawe.